Mhasibu na mtafuta fedha za wafadhili, nani anaondoka na kikubwa?

Safari hii nimepokea meseji nyingi zinazozunguka jambo moja, mishahara ya watu wa fedha kwenye mashirika, wale wanaozitunza na wale wanaozitafuta. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndo yenye mambo, na kwa sababu mwenyewe nimekaa pande zote mbili za hiyo meza, uhasibu miaka 11 na kutafuta ruzuku miaka 8, kwa hiyo mnisamehe nikiropoka.

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni binti wa miaka 29 niko Mwanza, ni mhasibu kwenye shirika la maji na usafi, nina miaka minne kazini na mshahara wangu ni sh 1,200,000 kabla ya makato. CPA, ile ithibati ya uhasibu, nimefika Final, hatua ya mwisho, nimebakiza masomo mawili. Sasa kuna shirika jingine hapahapa mjini wananitaka niwe afisa wao wa kutafuta fedha, wanasema wamesikia nilivyokuwa natengeneza bajeti za maandiko ya miradi na yakapita. Wanatoa 1,800,000 kwa mwezi, mkataba wa mwaka mmoja wanauita mkataba wa ushauri, halafu mkurugenzi kaniambia kwa mdomo kila hela nitakayoleta nachukua asilimia 5. Nimepiga hesabu nikileta milioni 200 tu kwa mwaka nina milioni 10 yangu pembeni! Mama anasema niende, mchumba wangu anasema nitulie. Mtoto mmoja ninaye, deni la chuo la bodi ya mikopo bado lipo. Anti, kwa ujumla kati ya hizi kazi mbili ipi inalipa? Niliyechoka vocha za malipo, Mwanza.

JIBU: Marahaba mwanangu. Yaani we ni mhasibu kabisa, hesabu ya asilimia 5 ambayo haijaandikwa popote umeipiga mpaka mwisho, lakini hesabu ya 1,800,000 ambayo ndo itakuwa kwenye karatasi hujaipiga. Basi tuipige wote.

Sasa hivi kwenye 1,200,000 yako NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanachukua 120,000, inabaki 1,080,000 ndo inayotozwa kodi, kodi yake ya mshahara, PAYE, ni 152,000, bodi ya mikopo wanakata asilimia 15 ya mshahara ambayo ni 180,000, mkononi inakufikia 748,000. Kama ofisi yako haina makato mengine nadhani hiyo ndo namba unayoiona kwenye simu benki wakituma meseji.

Tuje kwenye ofa. Mkataba wa ushauri maana yake we siyo mfanyakazi wao, unawapelekea ankara kila mwezi na wao wanakukata kodi ya zuio asilimia 5, yaani 90,000, wanakupa 1,710,000. Ukiiona hiyo mara ya kwanza utapiga vigelegele, kutoka 748,000 mpaka 1,710,000 nani asipige. Shida ni kwamba zuio siyo kodi yote. TRA, mamlaka ya mapato, watakuhesabia mapato ya mwaka mzima 21,600,000, na kama huna gharama za maana za kutoa hapo, kodi yake ni 4,416,000, we ulishakatwa 1,080,000, kwa hiyo bado unadaiwa 3,336,000. Unailipa kwa awamu nne kama ulifanya makadirio mapema, au kwa mkupuo na adhabu juu yake kama ulikaa kimya ukijua mambo yameisha. Nimeona watu wazima na digrii zao wakilia mwezi wa sita kwa sababu ya hiki kitu.

NSSF nayo. Leo mwajiri anaongeza 120,000 yake kwenye ile yako, kila mwezi zinaingia 240,000 kwa jina lako bila wewe kuwaza, huko unakoenda ni wewe na roho yako. Kwa hiyo tukisema unataka kubaki na maisha yaleyale, kodi yote igawanywe kwa mwezi 368,000, akiba ya uzeeni 240,000, bodi ya mikopo uendelee kuwapa 180,000 ileile (usidhani ukiwa mshauri deni linafutika), unabaki na 1,012,000. Ukilinganisha na 748,000 hiyo ni nyongeza ya 264,000, bado bima ya afya yako na ya mtoto haijatoka. Ni hela, sikatai, 264,000 ni ada na mkaa. Ila siyo ile 600,000 uliyoiona kwenye barua, na siyo milioni nzima ambayo ingekudanganya mwezi wa kwanza.

Halafu mchumba unaye, sijui mipango yenu mimi siingilii, ila mwajiriwa ana likizo ya uzazi ya siku 84 na mshahara wake. Mshauri ana pole na hongera.

Na nina jingine hapo linanikera kidogo. Kama utakuwa unaingia ofisini kwao saa 2 unatoka saa 11, bosi anakupangia kazi, ukitaka kumpeleka mtoto kliniki unaomba ruhusa, hiyo siyo ushauri, hiyo ni ajira imevalishwa kanzu ya ushauri. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inaangalia unavyofanya kazi, haiangalii jina walilobandika juu ya mkataba. Mashirika madogo yanapenda huu mtindo kwa sababu yanakwepa NSSF na SDL (tozo ya mafunzo ya ufundi anayolipa mwajiri) na usumbufu wa kumwachisha mtu, yaani gharama ile imehamia mgongoni kwako na we umeambiwa ni ofa nzuri.

Sasa swali lako kubwa, ipi inalipa. Watu wengi wanadhani mtafuta fedha ndo anapaswa kulipwa zaidi, si yeye ndo analeta hela? Ingekuwa hivyo mwenyekiti wa kamati ya harusi angeondoka na ng'ombe. Ukweli niliouona mimi ni kwamba mshahara haufuati umuhimu wa mtu, unafuata swali moja tu, huyu mtu analipwa kutoka mstari gani wa bajeti. Hilo ukilielewa mambo mengine yote yanajipanga.

Chukua wewe ulivyo leo. Mradi wa maji una mfadhili, na mfadhili mwenyewe anataka mhasibu, tena anakuweka kwenye bajeti yake, asilimia 40 ya muda wako mradi huu, asilimia 60 mradi ule, unajaza taimshiti mwisho wa mwezi na hela inatoka. Sheria nayo iko upande wako. Shirika lazima lipeleke ripoti ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa kwa Msajili wa NGO, TRA wanataka hesabu zilizopitishwa na mwenye CPA wa kampuni ya ukaguzi, hakuna siku serikali itaamka iseme mashirika yaishi bila vitabu. Kwa hiyo mhasibu anawekwa kwanza hata kama bosi hampendi (na mara nyingi hampendi, wewe unajua, we ndo unayerudisha risiti zake za chakula cha jioni).

Njoo kwa mtafuta fedha. Nani anamlipa? Hakuna sheria inayosema shirika lazima liwe naye. Na wafadhili wakubwa wengi hawataki kuona jina lake kwenye bajeti ya mradi. Kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani zimeandika wazi kabisa kwamba gharama za kampeni za kuchangisha na kuomba michango haziruhusiwi kubebwa na ruzuku yao, na muda wa kuandika maandiko mapya unatakiwa kukaa kwenye gharama za uendeshaji, siyo kwenye mradi. Hizo gharama za uendeshaji wanazitoa kwa kiwango, yaani asilimia fulani juu ya gharama za mradi, kwa shirika ambalo halijajadiliana nao kiwango chake ilikuwa asilimia 10 miaka mingi, ikapanda kuwa 15 kuanzia Oktoba 2024. Umoja wa Ulaya wao kawaida ni asilimia 7. Ndani ya hiyo 7 kuna kodi ya pango, luku, intaneti, mlinzi, dereva, gari la mkurugenzi, halafu ndo eti na wewe umo humohumo. Umeona sasa kwa nini shirika la Mwanza linakupa mkataba wa ushauri na ahadi ya mdomo? Siyo kwamba ni wabaya wale. Hawana mstari wa kukuweka.

Mimi limenikuta. Mwaka 2014 niliacha uhasibu nikaenda kutafuta fedha kwenye shirika fulani la elimu, sitalitaja, mshahara kwenye barua ulikuwa mzuri kuliko nilikotoka. Miezi mitatu ya kwanza nililipwa vizuri, mwezi wa nne kimya, wa tano kimya, wa sita naambiwa tukipata lile andiko ulilopeleka utalipwa yote kwa pamoja. Yaani nilikuwa nautafuta mshahara wangu mwenyewe! Na mhasibu wa pale aliyekuwa ananizidi umri kidogo tu alikuwa analipwa kila tarehe 25, kwa sababu yeye alikuwa kwenye bajeti ya mradi na mimi nilikuwa kwenye imani ya mkurugenzi. Siku moja kaniita pembeni, kaniambia dada, ungeniuliza kabla hujasaini ningekuonyesha. Mpaka leo ni rafiki yangu.

Kwa mashirika makubwa picha inabadilika, lazima niseme. Yale ya kimataifa yana hela zisizofungwa na mradi, michango ya watu wa kawaida kule Ulaya na Marekani wanaotoa kidogokidogo kila mwezi, na hiyo ndo inalipa watafuta fedha wao. Ila angalia wamekaa wapi. Wale wanaochangisha kwa wananchi wako makao makuu hukohuko Ulaya, hapa Dar na Dodoma unakuta watu wa maandiko na mahusiano na wafadhili, wachache, na mtu mmoja mzuri wa hiyo kazi anaweza kulipwa sawa na meneja wa fedha au kumpita. Wachache lakini. Kwa kila nafasi moja ya hivyo kuna za uhasibu sijui ngapi, na mhasibu hata NGO zote zikifungwa kesho ana benki, ana hoteli, ana mgodi, ana halmashauri, ana SACCOS. Kwenye matangazo ya serikali utakuta Mhasibu Daraja la Pili na ngazi zake zote mpaka juu, mtafuta ruzuku hana ngazi huko.

Ngoja niseme na upande wa pili nisionekane naupamba uhasibu. Kukaa kwenye bajeti ya mfadhili nako kuna siku yake. Tarehe 20 Januari 2025 Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, ndani ya wiki hiyohiyo barua za kusimamisha kazi zikaanza kumiminika, Machi wakatangaza wamefuta asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika lao la misaada, Julai Mosi shirika lenyewe likafunga milango. Wahasibu waliokuwa asilimia mia kwenye mradi mmoja waliondoka na mradi wao. Tofauti ni kwamba wengi waliondoka mwisho, mradi ukifa lazima kuna mtu wa kufunga vitabu, ripoti za mwisho zinadaiwa ndani ya siku 120, magari na kompyuta vihesabiwe, mafaili yatunzwe miaka 3. Mhasibu ndo mtu anayezima taa. Mtafuta fedha kipindi hicho alikuwa ama ametangulia kuondoka ama ndo mtu pekee ambaye bodi nzima inamtumbulia macho, tuokoe.

Asilimia 5. Mwanangu hiyo iache ilipo. Kwanza itatoka wapi? We umetengeneza bajeti za wafadhili, umeshawahi kuona mstari umeandikwa asilimia 5 ya aliyeandika andiko? Haupo, na ukiuweka andiko linarudi siku hiyohiyo. Kwa hiyo ili upewe hiyo milioni 10 lazima mtu aifiche mahali, semina hewa, mafuta ya gari lililoegeshwa, na we kwa taaluma yako unajua odita ataipata na unajua jina la nani litakuwa kwenye hiyo ripoti. CPA unaiona kwa mbali kule halafu unakwenda kuichafua kabla hujaipata? Hata wenyewe wa hiyo kazi hawaikubali, chama cha wachangishaji cha Marekani, AFP, ambacho kipo tangu 1960, kanuni zake za maadili zinamkataza mwanachama kulipwa kwa asilimia ya fedha anazoleta. Bonasi inaruhusiwa kama shirika lina utaratibu wa bonasi kwa wafanyakazi, asilimia hapana. Sababu yao ina akili, ukilipwa kwa asilimia utamkimbiza mfadhili mwenye hela ya haraka hata kama anataka shirika lifanye mambo yasiyo yake, na mtoa sadaka akijua kila elfu kumi yake mia tano imeingia mfukoni kwako harudi.

Pili, muda. Andiko siyo mgomba. Wito unatoka, unapeleka dhana fupi, ukipita unaitwa kuandika lile refu, majadiliano ya bajeti, wanakuja kukagua kama shirika lina uwezo, mkataba, ndo hela ya awamu ya kwanza. Mkataba wako ni wa mwaka mmoja. Unaweza kupanda na akaja mwingine akavuna na asilimia yake.

Utaniuliza, kwa hiyo nifanyeje anti? Mimi ningekuwa wewe ningemalizia hayo masomo mawili kwanza, mitihani ya Mei na Novemba haipo mbali, na siku ukiwa na CPA mkononi hata hapo ulipo unakaa mezani kivingine. Kama moyo umeshaenda kwenye hiyo kazi mpya, na hilo naliheshimu maana vocha zinachosha kweli, basi rudi kwao na mambo yako. Waambie unataka ajira ya mkataba, siyo ushauri, yaani NSSF, bima, likizo. Waombe wakuonyeshe, siyo wakuambie, hela ya miezi 12 ya mshahara wako iko akaunti gani na inatoka chanzo gani. Kwa ajira kamili hata 1,500,000 ni bora kuliko 1,800,000 ya ushauri: mkononi unaondoka na 892,000 baada ya NSSF, kodi na bodi ya mikopo, na 150,000 yako na 150,000 yao zinaingia NSSF. Mkononi ni pungufu ya ile 1,012,000, ila akiba ni kubwa zaidi, deni la bodi linapungua kwa 225,000 badala ya 180,000, na bima na likizo ni juu yao. Linganisha mwenyewe, kalamu unayo.

Na kuna mlango wa tatu ambao watu wa mikoani hawauangalii. Afisa ruzuku. Huyu anakaa katikati, anatengeneza bajeti ya andiko, anajadiliana na mfadhili, akishapata hela anasimamia matumizi na ripoti mpaka mwisho. Analipwa kutoka kwenye mradi kama mhasibu, na anajulikana na wafadhili kama mtafuta fedha. We kazi hiyo umeshaanza kuifanya bila cheo, si ndo maana wamekusikia? Mtu mwenye CPA ambaye anajua kuandika bajeti inayopita na akaifafanua kwa maneno ya kawaida ni adimu, mi nimewatafuta kuwaajiri nikawakosa. Mama na mchumba waache wabishane kwanza.

SWALI: Salamu anti. Mimi ni kijana wa Mombasa, mwaka wa sita huu nachangisha pesa kwa shirika la watoto, naandika maandiko, naongea na matajiri wa mji, naandaa chakula cha hisani. Juzi nimejua mhasibu wetu ambaye hana hata miaka miwili hapa analipwa kunishinda. Roho imeuma. Nikasome CPA ya KASNEB, ile bodi ya mitihani ya uhasibu ya Kenya, ama nihame?

JIBU: Pole kaka. Kuuma lazima iume, ila usimchukie huyo mwenzio, yeye bei yake haikupangwa na shirika lenu, imepangwa na bandari na hoteli na benki za hapo Mombasa ambazo zote zingemchukua kesho. Wewe ukiondoka unaenda wapi? Shirika jingine, chuo, hospitali ya hisani, basi. Bosi anajua hilo hata kama hajawahi kulitamka.

CPA ya KASNEB ina ngazi tatu, na ukianza leo na kazi zako hizo ni miaka, halafu ukimaliza unaanza uhasibu chini kabisa na umri wako. Kama hesabu huzipendi usiende, mtu akisoma uhasibu kwa hasira anafeli kwa hasira. Kitu kinachokukosesha hela siyo cheti, ni kwamba kazi yako haina karatasi. Mhasibu ana hesabu zilizokaguliwa za kuonyesha, we una nini? Kaa chini wikiendi moja, chukua miaka yote sita, andika uliomba kwa nani, kiasi gani, ukapata kiasi gani, nani alitoa mara ya pili na ya tatu. Hapo kwenye kurudi ndo pana thamani yako, mfadhili mpya anaweza kuja kwa bahati, anayerudi mwaka wa nne amerudi kwa sababu kuna mtu alimpigia simu kumshukuru na kumpelekea picha na ripoti kwa wakati. Nenda na hiyo karatasi kwa bosi. Akikataa, nenda nayo kwenye chuo kikuu au hospitali, wao wanaanza kuelewa hii kazi. Kuna cheti cha kimataifa kinaitwa CFRE, kinataka uwe umefanya kazi hii angalau miezi 36 ndani ya miaka mitano, wewe unatosha. Kitakusaidia kwa mashirika ya nje zaidi kuliko ya hapo mtaani, na kina gharama, kwa hiyo kwanza karatasi, cheti baadaye.

Ule usiku wa chakula cha hisani, gharama za ukumbi na bendi unazitoa kwenye hesabu yako kabla ya kujisifu? Nauliza tu.

SWALI: Salamu dada. Miye niko Columbus, Ohio, nilitoka Bukavu, niko natumika ku magala usiku. Niko na watoto tatu. Nataka kurudi masomo, rafiki mumoja ananiambia nisome uhasibu, mwingine anasema hapa Amerika kuchangisha pesa kwa universite na hospitali ni kazi ya kweli na wanalipa muzuri. Ni ya kweli?

JIBU: Karibu sana kaka, na hongera kwa kuwaza masomo baada ya zamu ya usiku. Rafiki yako wa pili hajakudanganya, kwenu huko kuchangisha ni fani kamili, serikali yenyewe inaihesabu peke yake. Kwa takwimu zao za kazi za Mei 2023 mchangishaji wa katikati, yaani ukiwapanga wote kwenye foleni yule wa katikati kabisa, alipata dola 64,160 kwa mwaka, mhasibu wa katikati dola 79,880. Ukipanda juu, meneja wa uchangishaji dola 119,200 na meneja wa fedha dola 156,100. Kwa hiyo mhasibu anatangulia chini na anatangulia juu, na meneja wa uchangishaji naye halali njaa.

Ila kwa hali yako mimi nisingeangalia namba peke yake. Kuchangisha kwenye vyuo vya huko ni kazi ya kukaa chakula cha mchana na mzee tajiri aliyesoma pale miaka 40 iliyopita, mkaongea habari za mpira na wajukuu zake, ukamsindikiza mwaka mzima mpaka atoe. Inataka Kiingereza cha kutania na marafiki wa mji, na hivyo vinakuja taratibu kwa mtu aliyefika ukubwani. Uhasibu unaweza kuanzia chini, koleji ya karibu na nyumbani, kuingiza ankara, malipo ya mishahara, kodi za majirani, unapanda huku unakula. Na bahati yako uko Ohio, zamani CPA ya huko ilitaka saa 150 za masomo ya chuo, yaani mwaka wa ziada juu ya digrii, lakini Ohio ilibadili sheria mwanzoni mwa 2025 na kuanzia Januari 2026 digrii ya kawaida na miaka miwili ya kazi inakubalika, mtihani unabaki palepale. Mtihani wenyewe ni sehemu nne, tatu za lazima na moja unachagua. Kwa baba wa watoto watatu kupunguziwa mwaka mzima wa ada ni kitu kikubwa.

Na nikuombe jambo, jumuiya zenu huko Wakongo zinachangishana sana, misiba, kusafirisha mwili, harusi, kanisa. Jitolee kuwa mweka hazina. Utajifunza zote mbili kwa wakati mmoja, na bure.

SWALI: Anti mambo, niko Tanga. Nimeitwa intavyu ya kutafuta fedha kwenye shirika la mazingira. Nitauliza vipi habari ya mshahara bila kuonekana nina njaa?

JIBU: Poa. Njaa unayo, wanajua, wao pia wanayo ndo maana wanakutafuta. Usianze na kiasi gani. Subiri waseme una swali lolote, halafu uliza kwa upole kabisa hivi: "Nafasi hii inalipwa kutoka chanzo gani cha fedha, na hicho chanzo kinaisha lini?" Kisha nyamaza, usijichekeleshe kujaza ukimya, waangalie wanavyotazamana. Wakikutajia mfuko na tarehe, hapo sasa jadili kiasi bila aibu. Wakikwambia mshahara utatokana na jitihada zako mwenyewe, malizia soda waliyokupa, washukuru, na hiyo nauli ya kurudi waulize kama wanarudisha.